Hivi Frederic alimpenda kweli Catherine, au alikuwa anaikimbia vita tu?

Kitabu Mkononi

Wakuu habari za jioni. Nimemaliza kusoma A Farewell to Arms ya Hemingway, ile riwaya ya vita ya 1929, na huku niliko sina mtu wa kuijadili naye ndo maana nimekuja kwenu. Natahadharisha mapema kwamba nitataja mpaka mwisho, ambaye hajaisoma na anataka kuisoma aishie hapa.

Kwa waliosahau, Frederic Henry ni Mmarekani, luteni wa magari ya wagonjwa kwenye jeshi la Italia, vita ya kwanza ya dunia, kule Gorizia wanakopigana na Waaustria. Anakutana na nesi Mwingereza, Catherine Barkley. Anajeruhiwa miguu analazwa Milan, Catherine naye anahamishiwa hospitali hiyohiyo, wanapendana kipindi chote cha joto, Catherine anashika mimba, jamaa anarudishwa vitani na kule anakuta jeshi linasambaratika kwenye mapigano ya Caporetto, anaponea chupuchupu kupigwa risasi na polisi wa jeshi lake mwenyewe, anatoroka, anamfuata Catherine, wanavuka ziwa usiku kwa boti ya makasia mpaka Uswisi, na huko Catherine anafia uzazi, na mtoto naye anatoka amekufa.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Mwanzoni kabisa Frederic mwenyewe anatuambia hampendi huyu dada wala hana mpango wa kumpenda, kwake ni mchezo tu kama wa karata ila unachezwa kwa maneno, na ni afadhali hivyo kuliko kwenda kila jioni kwenye ile nyumba ya malaya ya maofisa. Alafu kufika Milan ghafla eti anampenda. Ilibadilika lini? Au haikubadilika, ni vita tu ilimchosha akatafuta pa kujificha? Na Catherine naye ananipa tabu, yani kila saa anataka awe vile Frederic anavyotaka, anasema yeye mwenyewe hayupo tena, yeye ni Frederic. Mi nilikuwa nasoma huku roho inaniuma, namuonea huruma na wakati huohuo natamani aamke. Naombeni mawazo yenu.

Mzee wa Bandari

Mleta mada umeuliza swali zuri na mi nitakujibu bila kuzunguka: hakumpenda, alimhitaji. Ni vitu viwili tofauti.

Angalia mapenzi yenyewe yalianza lini. Sio Gorizia walipokuwa wanaonana bustanini. Yalianza siku jamaa kalazwa Milan, hawezi hata kugeuka kitandani, miguu imejaa vipande vya bomu, Catherine anaingia mlangoni na palepale mtu anasema nimempenda. Walikuwa wameonana mara ngapi kabla ya hapo? Chache sana. Mtu uliyelala na maumivu, mbali na kwenu, usiku mrefu, akitokea mwanamke mzuri anakujali lazima moyo uende, hilo halina mjadala, ila usiniambie huyo ndo umemjua.

Na mimba alipoambiwa? Catherine anamuuliza kama anajiona amenaswa, yeye anajibu kwamba kimaumbile mtu daima hujiona amenaswa. Mwanamke ana mimba ya miezi mitatu, ana hofu, anaomba neno moja la kumtuliza, we unampa jibu la namna hiyo. Catherine akamjibu kwa upole tu kwamba hilo "daima" sio neno zuri. Pale mi nilifunga kitabu nikakaa kwanza.

Alafu wakafika Uswisi, yale maisha ya milimani juu ya Montreux, wanaamka, wanakula, wanatembea kwenye theluji, wanacheza karata, jamaa anafuga ndevu kwa kuwa hana lingine la kufanya. Catherine anamuuliza kila mara kama amechoka, kama anataka kuonana na watu wengine. Mwanamke hamuulizi hivyo mwanaume ambaye anamuona ametulia. Frederic alikuwa na vitu vitatu, nchi aliyoiacha, jeshi lililotaka kumuua na Catherine. Viwili vimeondoka amebakiwa na kimoja, sasa kitu kimoja kilichobaki utakishikilia hata kama hukukichagua.

Nesi wa Zamu

Mzee wangu shikamoo. Nimekusoma vizuri lakini naona wewe na mleta mada wote mnaangalia upande wa Frederic tu, Catherine mnamuona kama mtu wa kuonewa huruma. Mimi kwangu Catherine ndo mwenye akili kuliko wote mle ndani, na ndo aliyezinduka mapema kuliko Frederic kwa mwaka mzima.

Rudini siku ile wanakutana mara ya kwanza. Ameshika kifimbo chembamba kama cha mpanda farasi. Ni cha mchumba wake aliyekufa vitani kule Somme, Ufaransa, mwaka uliotangulia, mama wa marehemu ndo alimtumia, kilirudishwa pamoja na vitu vyake. Walikuwa wachumba miaka 8 na walikua pamoja tangu utotoni. Na hapo anaeleza kwa nini alikuwa nesi, kwamba mchumba alipojiunga na jeshi na yeye akaenda unesi akiwa na ndoto ya kitoto kwamba siku moja ataletwa hospitalini kwake, ana jeraha la upanga, kafungwa bendeji kichwani, kitu cha kupendeza hivi. Kilichotokea ni kwamba alilipuliwa vipandevipande. Hakukuwa na wa kuletwa.

Sasa mtu aliyepitia hayo unamwambia nini kuhusu vita? Frederic wakati huo bado anaiona vita kama kitu kisichomhusu, anaamini hatauawa. Catherine ameshajua. Na ndo maana kile mnachokiita wazimu, siku ile anamlazimisha Frederic aseme amerudi kwa Catherine usiku, mimi nilikielewa haraka sana. Anaongea na marehemu. Kwa dakika chache anamuazima huyu Mmarekani awe yule. Alafu anazinduka mwenyewe, anamwambia waziwazi kwamba huu mchezo wetu ni mbaya, huna haja ya kujifanya unanipenda. Frederic anashtuka manake alidhani anacheza peke yake! Kumbe Catherine alikuwa anaziona karata zote.

Na kuna kitu kingine alichokisema siku ile ya kwanza. Anajuta kwamba mchumba wake alitaka na yeye akamnyima, alikuwa anaona ni vibaya, angejua angempa chochote. Hilo ndo jibu la mleta mada kuhusu kujifuta kwake. Sio mjinga, ameamua. Alishabana mara moja akidhani kuna kesho, kesho haikuja, safari hii habani kitu.

Alafu tazameni Milan inavyokuja. Ile ndoto yake ya kitoto inatimia kabisa, mwanaume anayempenda analetwa amejeruhiwa kwenye hospitali aliyopo yeye, anamuogesha, anampima joto, anachukua zamu za usiku mfululizo ili awe naye. Ila sio yule. Mi sijui kama kuna sehemu inaumiza kuliko hiyo na Hemingway wala haitaji, anaiacha tu hapo kila mtu aione mwenyewe.

Mwalimu Lindi

Dada umeongea vizuri mno, hiyo ya kifimbo na hospitali nimesoma kitabu hiki na wanafunzi na sijawahi kuiunganisha hivyo.

Mi niongezee upande wa vita maana huwezi kuelewa mapenzi yao bila kuona Frederic alivyozinduliwa. Kwanza alivyojeruhiwa. Hakuwa anapigana. Walikuwa kwenye handaki usiku karibu na Plava, wamekaa chini na madereva wake wanakula tambi za baridi na jibini, kombora likaanguka. Dereva Passini miguu ikakatika akafa analia anaita mama yake. Alafu Rinaldi, rafiki yake daktari, anakuja hospitali anataka amtafutie nishani ya fedha, anamuuliza ulifanya ushujaa gani, jamaa anajibu sikufanya kitu, nililipuliwa tukiwa tunakula jibini. Na Rinaldi bado anatafuta namna ya kuipata hiyo nishani!

Kitabu chote kinaenda hivyo. Hata sura ya kwanza inamalizika kwa kusema mvua ilikuja na kipindupindu kikaja nayo lakini kilidhibitiwa, na jeshini walikufa 7,000 tu. Hilo "tu" ndo sauti ya jeshi lenyewe, ya wakubwa wanaohesabu kutoka mbali.

Baadaye anasema kabisa kwamba maneno makubwa, utukufu, kutoa mhanga, vitu vitakatifu, yalikuwa yanamtia aibu kuyasikia, kwa sababu hajaona kitu kitakatifu chochote kule na huo mhanga haukutofautiana na machinjio ya nyama. Vilivyobaki na heshima ni majina ya vijiji, namba za barabara, majina ya mito, tarehe. Mi mtu wa Lindi hapo nilimuelewa bila kuelezwa. Caporetto ilianza tarehe 24 Oktoba 1917, na siku chache tu kabla, tarehe 15 mpaka 18 mwezi huohuo, watu walikuwa wanauana Mahiwa, huku kwetu, Waingereza na Wajerumani na askari waliowengi Waafrika pande zote mbili. Ukienda leo watu wanakutajia mahali, basi. Hakuna anayekuhutubia.

Sasa kuna tukio ambalo wasomaji wengi wanalipita haraka na mi naomba mlirudie. Wakati wa kurudi nyuma gari lao linanasa kwenye tope. Wana masajenti wawili waliopewa lifti. Frederic anawaamuru wakate matawi ya kuweka chini ya magurudumu, wanakataa wanaanza kuondoka. Anatoa bastola anapiga, mmoja anaanguka, na dereva Bonello anaenda kummalizia. Frederic haonyeshi majuto yoyote. Muda si mrefu huyo Bonello mwenyewe anatoroka kwenda kujisalimisha, dereva Aymo anauawa kwa risasi za Waitalia wenzake waliopaniki, na Frederic anafika daraja la mto Tagliamento anakuta polisi wa jeshi wanawatoa pembeni maofisa waliotengana na vikosi vyao, maswali mawili matatu, risasi. Kosa ni lile lile alilomuulia sajenti. Anaona zamu yake inakaribia, lafudhi yake ya kigeni itafanya wamuone Mjerumani aliyejivika sare, anajitupa mtoni.

Na hili sio la kutunga kwa ujumla wake, jenerali Cadorna, mkuu wa jeshi la Italia, alikuwa maarufu kwa nidhamu ya kupiga risasi watu wake, na Caporetto Waitalia zaidi ya 250,000 walitekwa. Utawala wa Mussolini ulikipiga marufuku kitabu hiki kwa sababu hawakutaka Caporetto isomwe hivyo.

Kwa hiyo Mzee wa Bandari, unaposema alibakiwa na kitu kimoja, sikatai. Ila mtu aliyetoka kwenye ule mto akang'oa nyota zake za uofisa hakuwa anamkimbilia Catherine ili ajifiche. Kule alikokuwa walikuwa wanauana kwa niaba ya maneno. Catherine hakuwa neno.

Kitabu Mkononi

Asanteni sana jamani, sikutegemea majibu ya namna hii. Nesi wa Zamu umenigeuza kabisa kuhusu Catherine, hapo kwenye kifimbo nimerudi kusoma tena.

Ila bado lile la lini ilibadilika kwa Frederic halijajibiwa. Mzee anasema haikubadilika. Mi nilikuwa nadhani ni Stresa, pale kwenye hoteli kando ya ziwa, usiku, anapowaza kwamba dunia inamvunja kila mtu na wale wasiokubali kuvunjika inawaua, wazuri na wapole na wajasiri bila kubagua. Hapo kama anajua tayari Catherine ndo wa aina hiyo.

Na pia nilisoma kwamba Hemingway mwenyewe yalimkuta haya haya, kwamba Catherine ni nesi wa kweli aliyempenda. Ni kweli?

Mwalimu Lindi

Kuna ukweli ndani yake. Alijeruhiwa Fossalta, kando ya mto Piave, tarehe 8 Julai 1918, bado hajatimiza miaka 19, alikuwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani anawapelekea askari chokoleti na sigara. Akalazwa Milan akampenda nesi Agnes von Kurowsky aliyekuwa amemzidi miaka kama saba. Aliporudi Marekani akawa anasubiri ndoa, Machi 1919 Agnes akamuandikia barua ya kuvunja. Caporetto hakuwepo kabisa, ilipita kabla hajafika Italia, ile safari ya kurudi nyuma kwenye mvua aliijenga kwa kusoma na kusikiliza. Na uzazi wa upasuaji ulitoka nyumbani kwake, mke wake wa pili Pauline alijifungua kwa operesheni mwaka 1928 wakati anaandika kitabu, yeye na mtoto wakapona. Kwa hiyo yule nesi wa kweli hakufa, alikataa. Na mke aliyepasuliwa hakufa. Catherine ametengenezwa kutoka kwa wengi, na kile kifo ni cha kwake peke yake.

Nesi wa Zamu

Mleta mada, la lini ilibadilika nitakujibu mimi.

Nyuma kule mwanzoni yule padri kutoka Abruzzi alimtembelea Frederic kwenye hospitali ya vitani akamwambia kitu. Kwamba yale unayonisimulia ya usiku sio mapenzi, ni tamaa, ukipenda utataka kufanya jambo kwa ajili ya mtu, utataka kujitoa, utataka kuhudumia. Frederic akajibu yeye hapendi. Padri akasema utapenda.

Sasa nenda mpaka Lausanne, chumba cha kujifungulia. Uchungu umechukua muda mrefu mno, Catherine hana nguvu, wanampa gesi ya kupunguza maumivu kwa kumuwekea kifuniko puani na mdomoni. Daktari anataka kutoka kwenda kula kidogo, anamuachia Frederic kazi ya kuzungusha ile namba ya mashine. Yani yule mwanaume anakaa pembeni ya mtambo, uchungu ukija anafungua, ukipita anafunga. Namba mbili haimtulizi tena. Anapeleka tatu, anapeleka nne, na anatuambia anaziogopa namba zilizozidi mbili, anatamani daktari arudi.

Mimi nimekaa wodi ya wazazi, najua mkono wa mtu unavyokuwa kwenye kitu kama hicho. Ukipunguza unamuona anateseka, ukiongeza unaweza kuwa unamuua wewe mwenyewe, na hakuna wa kumuuliza. Hapo hakuna neno moja la mapenzi kwenye ukurasa lakini ndo kile padri alichomwambia, neno kwa neno. Ni mtu anahudumia. Kwangu mimi ilishabadilika hata kabla, siku anapiga makasia usiku kucha kilomita 35 kwenye ziwa Maggiore mpaka mikono inachubuka ngozi, lakini pale kwenye gesi hata wewe Mzee huwezi kusema alikuwa anamhitaji tu. Mtu anayekuhitaji tu angetoka nje akasubiri.

Na Catherine anasema pale pale kwamba yeye sio jasiri tena, wamemvunja. Yule aliyevuka ziwa na mimba anamcheka mwenzake kwa upendo, jamaa kashika mwavuli uwe tanga! Mleta mada lile wazo lako la Stresa linarudi hapa. Alivunjika kwanza na bado akauawa.

Mzee wa Bandari

Marahaba binti yangu. Hapo kwenye gesi umenibana kweli, sina cha kupinga.

Ila na mi nikuulize. Huyohuyo mwanaume mtoto anapotolewa, nesi anamuuliza hujivunii mwanao, anajibu hapana, karibu amuue mama yake. Hana hisia yoyote ya ubaba, anasema mwenyewe. Na wakati Catherine anaanza kutoka damu yeye yuko mgahawani anakula mayai na nyama na bia, anasoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yake kwa upande wa nyuma, habari za mapigano ya Waingereza, mpaka yule mtu anakasirika analikunja. Aliyesema ameachana na vita! Vita iko palepale kwenye meza ya chakula anaisoma kwa kuibia.

Nesi wa Zamu

Mzee wangu, wanaume wa hivyo nimewaona wengi sana. Nesi ndo aliyemtuma akale, amechoka, yuko pale tangu alfajiri, na hakuna aliyemwambia kuna hatari. Na la mtoto, ni kwamba moyo wote ulikuwa kwa mama, hakuna nafasi iliyobaki. Akishaambiwa mtoto alikuwa amekufa, kitovu kilimzonga shingoni, anaanza kuwaza yule kijana hakupata hata nafasi ya kupumua, anatamani na yeye angekuwa amezongwa hivyo, alafu hapohapo anajibu hapana sitamani. Huyo sio mtu asiyejali.

Mwalimu Lindi

Na baada ya hayo mawazo ndo linakuja gogo la moto lenye sisimizi, mmoja mmoja wanakimbilia ncha wanadondokea motoni, na yeye aliyekuwa na uwezo wa kuwaokoa akamwaga maji tu ili apate kikombe kitupu cha kuwekea wiski, maji yenyewe yakawapika kwa mvuke. Mi siku zote naona pale anajishitaki, pamoja na yule sajenti wa kwenye tope.

Kuhusu mwisho wenyewe, Hemingway alisema mwaka 1958 kwamba ukurasa wa mwisho aliuandika upya mara 39, na 2012 lilitoka toleo lenye miisho 47 kutoka kwenye makaratasi yake. Kuna mmoja ambao mtoto anaishi. Na rafiki yake Fitzgerald alimshauri amalizie na lile wazo la Stresa la dunia kumvunja kila mtu, akakataa, na mi naona alifanya sawa kabisa. Lingekaa mwisho lingekuwa hotuba, na kitabu kilichotumia sura 41 kutuambia tusiyaamini maneno makubwa hakiwezi kumzika Catherine kwa neno kubwa. Ndo maana tunaachwa na yule mtu anawafukuza manesi chumbani, anafunga mlango, anazima taa, anajaribu kuaga na anaona haisaidii kitu, ni kama anaiaga sanamu. Anatoka anarudi hotelini kwa miguu. Hakuna mtu wa kumuelezea chochote na hata yeye hajielezi.

Kitabu Mkononi

Mwalimu hilo la kutojieleza limenikaa. Naanza kukisoma upya wikiendi hii, safari hii namfuata Catherine tangu ukurasa wake wa kwanza. Mzee wa Bandari naomba na wewe urudie ile sehemu ya ziwa alafu utuambie bado unasimama wapi, uzi nauacha wazi.